Buti za Kuazima na Maji ya Ghorofa ya Nne

Mzee jirani yetu wa mtaa wa Shively, Louisville, alisema buti zake zingerudi kabla hazijashika vumbi. Alisema hivyo akinikabidhi, kwenye maegesho ya magari ya jengo letu, mchana kweupe, makusudi ili wawepo mashahidi. Zilikuwa buti za kazi zenye chuma puani, alizozivaa ghalani tangu alipofika Marekani.

"Chukua," alisema. "Ukishindwa huko Columbus usione haya. Rudi nazo, nami nitakupeleka kwa bosi wangu uanze kupakia maboksi. Mtoto wa kambini, fundi wa matofali ya udongo, utamjengea ghorofa nani?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa kuwa buti zilikuwa zimeshafika mikononi mwangu.

Nilikuwa nimetangaza kwamba naacha kiwanda nakwenda kusomea usimamizi wa ujenzi. Katika Warundi wote ninaowajua waliotoka kambi za wakimbizi za Kigoma wakatua Louisville, hakuna aliyewahi kutamka maneno hayo, sembuse kuyasomea. Wenzangu walijua maghala, walijua viwanda vya nyama, walijua zamu ya mchana na zamu ya usiku. Mimi nilijua timazi, ile kamba ya kunyooshea ukuta. Kambini nilisimamisha nyumba yetu pamoja na baba nikiwa sijaota ndevu, kisha nikasimamisha za majirani, na masika hayakuangusha hata moja. Nyumba za wengine sizisemi, wenyewe wapo.

Shangazi yangu wa Newburg, mtaa mwingine wa Louisville, hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa asiyejijua.

"Shule kwa umri huo? Watoto wa huko watakuita babu. Na baridi ya kaskazini, mwanangu, itakukausha kama dagaa."

Kisha akaingia chumbani, akatoka na koti jeusi alilopewa kanisani mwezi ule tulipofika. Lilikuwa limeshonewa mwanamume mnene sana. Mimi nilipolivaa nikawa kama mtu aliyejificha ndani ya hema. "Si lako hili," akasema. "Ni la kuazima. Nataka lirudi."

Hela hakuna aliyenikopesha, maana hela hawakuwa nazo. Walinikopesha vitu. Na kwetu kitu cha jirani hakirudi kitupu. Ukiazima sufuria, irudi na viazi viwili ndani, au na ndizi, au na konzi ya karanga. Kurudisha chombo kitupu ni kumwambia mwenzio kwamba mmemalizana na asije tena mlangoni kwako. Kwa hiyo tangu siku ile nilipopanda basi la Columbus, nilikuwa na kazi mbili. Kwanza kushinda, pili kufikiria mtu anatia nini ndani ya buti anapozirudisha.

Columbus nilipanga chumba na kijana Mkenya aliyekuja kusomea mambo ya fedha. Alikuwa na magodoro mawili, moja la kulalia na jingine la kulaza nguo chafu. Akahamisha nguo.

"Boss, chukua hii ukae nayo," alisema. "Lakini ujue ni ya mkopo. Ukifeli hesabu, narudisha nguo zangu hapo."

"Mimi nifeli? Ninyi mnaopima kwa mashine mtafeli. Mimi napima kwa jicho."

"Kwa jicho! Maze, huyu mzee atatuletea balaa."

Nilimpa somo la unyenyekevu katika mtihani wa kwanza wa ramani. Yeye hakuufanya, lakini alikuwapo niliporudi nyumbani na alama zangu, na nilihakikisha anaziona. Hesabu za nguvu za mihimili zilinisumbua kidogo. Hapo alinisaidia, sitamnyima haki yake. Mengine yote ni mimi. Nilipata diploma. Nasema kwa ufupi kwa sababu jambo kubwa halihitaji maneno mengi, ila nitaongeza tu kwamba imo ndani ya fremu ya mbao niliyoichonga mwenyewe, na pembe zake ni nyuzi tisini kamili. Anayebisha aje na kipimo.

Kampuni moja ya ujenzi ikanichukua kwenda Buffalo, ambako chuo kikuu kilikuwa kinajenga hosteli mpya ya wanafunzi. Nikaondoka na buti za mzee, koti la shangazi na godoro la Mkenya. Nilipanga kwa familia ya Kirundi mtaa wa Riverside, karibu na mto, na kuhusu baridi shangazi alikuwa amesema kweli tupu. Upepo wa pale unatoka mtoni ukiwa na hasira zake binafsi. Lile koti nililolicheka nililivaa likiwa na masweta matatu chini yake, na ndipo nilipofahamu mwanamume mnene aliyelivaa kwanza alikuwa mwembamba kama mimi.

Nilipewa usimamizi msaidizi wa ghorofa ya nne, ya juu kabisa. Nataka msomaji aelewe maana yake. Hosteli si nyumba ya mtu mmoja ambayo ukikosea utaomba radhi kwa mkewe. Ni vyumba na vyumba, na kati ya kila vyumba viwili kuna bafu moja. Mabafu hayo hayakujengwa pale. Yalikuja kwa malori kutoka kiwandani yakiwa yamekamilika, na vigae vyake, choo, kioo, hata kishikio cha karatasi. Kreni inainua bafu zima hewani kama mama anavyonyanyua beseni, inalipitisha kwenye uwazi wa ukuta, nasi tunalisukuma hadi mahali pake na kuliunganisha na mabomba. Mara ya kwanza kuona choo kinaruka angani nilivua kofia. Baada ya hapo nilikuwa nalipokea bafu na pima maji mkononi, kile kipimo cha usawa, na kwenye ghorofa yangu hakuna bafu lililokaa upande. Bosi wetu, Mmarekani mrefu asiyesifu mtu, alipita siku moja, akaweka pima maji yake juu ya langu ili ahakikishe, akaondoka kimya. Kwa yule bwana, kimya kile ni sherehe.

Kuelekea mwisho wa kazi aliniita.

"Tumepata hosteli nyingine," alisema. "Ni ya chuo kikuu huko Louisville. Nahitaji msimamizi wa jengo zima."

Louisville! Niliona maegesho ya Shively, nikamwona mzee na mashahidi wake.

"Ghorofa yako ikipokelewa siku yake, kazi ni yako. Isipopokelewa, mkataba wako unaishia hapa."

Kilichobaki kilikuwa maji. Mkaguzi wa chuo, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya upole inayotisha, alikuwa na sharti lake. Wanafunzi, alisema, huamka wote kwa pamoja wakiwa wamechelewa. Kwa hiyo alitaka kuona mabomba ya mvua ya mabafu yote, ghorofa zote, yakifunguliwa mpaka mwisho kwa wakati mmoja, na yaachwe robo saa. Maji yasipungue nguvu huko juu kwangu, wala yasivuje kwenye dari za chini. Jaribio lilipangwa Jumamosi. Na wiki iliyofuata wanafunzi walikuwa wanaingia na mizigo yao.

Tatizo likawa mikono. Mafundi wengi walikwisha kuhamishiwa kazi nyingine, na waliobaki wasingetosha kusimama bafu kwa bafu. Bosi akakuna kidevu.

"Nitapata wapi watu wa kujaza jengo zima Jumamosi? Tena kila mmoja awe na buti za usalama. Kofia ninazo, vizibao vya kung'aa ninavyo, buti sina."

"Mimi ninao," nikasema.

"Una watu?"

"Na buti zao."

Alinitazama kama nimesema nina jeshi. Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Jumapili niliomba nafasi kwenye matangazo ya kanisa letu la pale Buffalo. Sisi kanisani, wanaume kwa wanawake, tunaishi kwa maghala na viwanda. Mwinjilisti ana buti za chuma. Waimbaji wana buti za chuma. Kuna bibi mmoja pale, mfupi kama jembe, anayefungasha vyakula kiwandani, na buti zake ni imara kuliko za bosi wangu. Nikasimama nikawaambia kwamba hosteli niliyoijenga inafunguliwa maji Jumamosi, waje kunisaidia kufungua mabomba, waje na buti za kazini. Nikasema "niliyoijenga." Tulikuwa wengi tulioijenga, lakini ukiwa kwenye matangazo huna muda wa kuwataja wote.

Jumamosi walikuja. Nilitarajia watu wa kutosha. Wakaja wa kuzidi. Magari yaliingia moja baada ya jingine na akina mama wakashuka wamevaa vitenge vya sikukuu, vilemba vimesimama, na chini ya kitenge, buti. Kwaya nzima ilivuka uwanja wa ujenzi ikilia kwata kwata kama kikosi kinachokwenda harusini. Na mikononi, masufuria. Kwani nani kwetu anaingia nyumba mpya mikono mitupu? Maharage, ugali uliofungwa kwa taulo, ndizi za kupika, dagaa. Bosi alisimama mlangoni na boksi la kofia, akijaribu kufikiri kofia ngumu inakaaje juu ya kilemba.

"Vueni vilemba, mama zangu," nikasema.

"Nyumba inafunguliwa kichwa wazi?" akauliza bibi mfupi.

"Kanuni, bibi."

"Kanuni ya nani?"

"Yangu."

Akavua, akanung'unika, akavaa kofia kwa namna iliyomfanya aonekane mkuu wa mafundi wote. Nikawapa somo la usalama kwa Kiswahili, na nilipofika kwenye sehemu ya kutokimbia kwenye ngazi mwinjilisti akasema amina, basi kila sharti nililotaja likaitikiwa amina. Mkaguzi alimnong'oneza bosi kwamba hajawahi kuona mafunzo ya usalama yanayopokelewa vizuri namna hiyo.

Wakapanda. Kila bafu mtu wake. Mimi, mkaguzi na bosi tukasimama ghorofa ya nne, mbele ya kipimo cha msukumo wa maji, kinachofanana na saa yenye mshale mmoja. Kulikuwa na mstari mwekundu. Mshale ukishuka chini ya mstari, tumeshindwa. Nikavuta pumzi na kupiga filimbi, filimbi za mafundi wa chini zikajibizana ghorofa kwa ghorofa, na jengo zima likaanza kuvuma kama mvua kwenye bati.

Mshale ukashuka. Ukaendelea kushuka. Kisha ukasimama, na, nakwambia, ukaanza kupanda tena. Ukapanda taratibu mpaka ukakaa karibu na pale ulipoanzia. Nikatabasamu. Nikajisemea, hii ndiyo kazi ya mtu mwenye diploma.

Mkaguzi hakutabasamu. "Msukumo huu ni mzuri kupita kiasi," alisema. Akafungua mlango wa bafu la kwanza.

Bibi mfupi alikuwa ameketi juu ya kifuniko cha choo, mikono mapajani, kofia kichwani. Bomba la mvua lilikuwa linadondosha tone moja moja.

"Bibi! Si nilisema lifunguliwe mpaka mwisho?"

"Nililifungua, mwanangu. Nikaona maji yapo. Nikalifunga."

"Kwa nini?"

"Yalikuwa yanamwagika bure."

Bafu la pili, mama ametega sufuria chini ya maji, na ilipojaa alikuwa amefunga. La tatu limefungwa. La nne, mwongoza kwaya, mama Mkongomani wa kutoka Kivu asiyeogopa mtu, alikuwa amesimama mlangoni akinisubiri.

"Bon, maji muzuri namna hii, tunaimwanga bure? Donc Mungu haone?"

"Mama, ni jaribio."

"Jaribio ya zambi hiyo!"

Na ghorofa za chini ilikuwa vilevile. Sasa ningefanyaje? Watu kama hawa nilikua nao kambini. Tulipanga ndoo kwenye foleni ya bomba la kambi, ndoo ikawa na cheo kuliko mwenye ndoo, na mtoto aliyemwaga maji alipigwa na mama yeyote aliyekuwa karibu. Mimi mwenyewe nikipiga mswaki nafunga bomba, mpaka leo. Ukimwita mtu wa namna hiyo asimame atazame maji safi yakipotea robo saa nzima, unamwita atende kosa. Hakuna mtu mwingine Buffalo yote ambaye angeharibu jaribio lile kwa njia ile. Na sikuwa nimeliona hilo mapema, mimi ninayeona kila kitu.

Mkaguzi akatazama saa yake. "Jaribio hili halihesabiki," alisema kwa ile sauti ya upole. "Nina jengo jingine mchana. Naweza kurudi baada ya wiki mbili."

Baada ya wiki mbili! Wanafunzi wangekuwa wamekaa hotelini kwa gharama ya kampuni, na mimi ningekuwa Shively napakia maboksi. Nikaziona buti za mzee miguuni mwangu. Kwa kweli zilikuwa nyeupe. Kila kitu mle ndani kilikuwa cheupe kwa vumbi la kuta: sakafu, vigae, vioo, mpaka nyusi za bosi.

"Nipe dakika tano," nikamwambia mkaguzi.

Nikasimama katikati ya korido na kupaza sauti ya matangazo. "Mama zangu! Tazameni chini. Nyumba hii inafunguliwa na uchafu huu? Wiki ijayo watoto wa watu wanaingia humu. Mama zao wakija wakakuta vumbi hili, watauliza nani aliifungua!"

Ikaja sauti ya bibi mfupi kutoka bafuni: "Fagio liko wapi?"

Hapo ndipo nilipojua kazi ya Louisville ni yangu. Walitoa mafagio na brashi kwenye stoo ya usafi, waliokosa walivua kanga za kiunoni wakazifanya madekio, na mabomba yakafunguliwa mpaka mwisho bila kuhimizwa, kwa kuwa sasa maji yalikuwa na kazi. Nikapiga filimbi mara ya pili. Mshale ukashuka kama jiwe. Ukashuka, ukashuka, ukaukaribia mstari mwekundu kiasi kwamba bosi aligeuza uso. Ukatetemeka juu yake. Ukagoma hapo hapo.

Robo saa ile mwongoza kwaya alianzisha wimbo bafuni, na mabafu yanavyopaza sauti, yenye vigae vizuri kama vyangu, jengo zima liliimba. Mkaguzi alishuka na tochi akikagua dari moja moja. Alirudi na kusema maneno matatu: kukavu, limepita, hongera. Akaweka sahihi. Kisha akauliza ile harufu inatoka kwenye sufuria gani, akakaa na sahani ya maharage na ndizi, na dagaa aliwala na vichwa vyao.

"Jumatatu kuna kampuni ya usafi inakuja," bosi aliniambia akitazama vigae vinavyong'aa. "Nitawaambia nini?"

"Waambie wamechelewa."

Wiki chache baadaye nilikuwa barabarani kuelekea kusini, msimamizi wa jengo zima, na deni juu ya paa la gari. Godoro la Mkenya nilikuwa nimelifunga kwa kamba, ndani yake nimekunja blanketi jipya ili lisirudi tupu. Kule Columbus, Mkenya alifungua mlango amevaa tai. Siku hizi ana kazi ya ofisi na kitanda cha mbao.

"Buda, hiyo si nilikupea tu?"

"Hukunipa. Ulinikopesha."

"Nitaiweka wapi sasa?"

"Weka nguo chafu."

Tulicheka mpaka jirani akafungua dirisha. Aliniuliza kama sasa napima kwa mashine au bado kwa jicho; nikamwambia jicho limepata diploma.

Newburg nilifika alasiri. Shangazi alilipokea koti, akatia mkono kwenye mifuko yote minne, na kila mfuko ulikuwa umejaa karanga. Akanizunguka, akanibonyeza mbavu.

"Hukukauka," alisema, kama mtu aliyedhulumiwa. Kisha akaenda kunipikia, na nilimwona akijifuta macho kwa mkono wa koti.

Nilimweka mzee wa Shively mwisho, na nilifika saa ile watu wanaporudi kutoka zamu, makusudi, ili nami niwe na mashahidi. Alikuwa ameketi ngazini. Nikaziweka buti mbele yake, nimezipaka rangi, nimezitia soli mpya, zimejaa maharage mekundu mpaka shingoni. Nilikuwa nimetayarisha hotuba njia nzima.

Hakuitaka hotuba. Alimimina maharage kwenye kofia yake, polepole, asidondoshe hata punje, akaingiza mkono ndani ya buti mpaka puani, akatoa chembe za vumbi jeupe lililokataa kutoka. Akalisugua kati ya vidole.

"Ni vumbi la nini hili?"

"La hosteli, mzee. Ghorofa ya nne."

Akavaa. Akafunga kamba. Akasimama, akatembea mpaka katikati ya maegesho, mbele ya wale wale waliocheka, akainua mguu mmoja.

"Mnaziona hizi?" akawaambia. "Hizi ndizo zilizojenga chuo kikuu Buffalo."

Nilifungua mdomo nimsahihishe, kisha nikaufunga. Deni lilikuwa limekwisha, na zilikuwa buti zake.